UZI: Flai kwenye maji mafupi – soma maji kwanza, rodi baadaye (kaskazi, bamvua, bonifishi, kolekole, kikande)

#1 – Mlinda_Wangwa

Wakuu, habari za wakati huu. Maswali ya kuvua kwa flai yamejaa kwenye nyuzi za vifaa, na karibu yote yanaanza na "ninunue rodi namba ngapi?" Naomba jambo hili tulianzie majini. Kwenye wangwa, yaani yale maeneo ya mchanga, tope na nyasi bahari ambayo maji huyafunika na kuyaacha, samaki hana makazi. Anapanda na maji kutafuta kaa na kamba, maji yakianza kupwa anashuka. Mwenye rodi ya bei kubwa aliyefika saa isiyo yake atasimama kutazama mchanga.

Kwa mgeni wa mambo haya: flai ni ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi mpaka ikafanana na kamba mdogo, kaa au dagaa. Haina uzito wa maana wala haina chubwi. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, mnene na wenye uzito wake, flai inafuata nyuma. Na samaki unamwona kwanza kwa macho, ndipo unarusha. Kwa hiyo jua, upepo na kina cha maji ndivyo vinavyoamua siku yako.

Mfano wangu mkuu ni visiwa vya nje vya Shelisheli: Alphonse na St François, Farquhar, Cosmoledo, Astove. Huko ndiko uvuvi huu ulikokomaa katika upande wetu wa Bahari ya Hindi, na pepo zao ni jamaa wa hizi zetu. Msimu ni kuanzia Oktoba hadi kuingia Mei. Kusi ikishika, upepo wa kusini mashariki huvuma siku baada ya siku, mawimbi yanavunjika juu ya mwamba, uso wa maji unakunjamana na chini hakuonekani. Kaskazi inatuliza bahari, lakini kwa wenzetu wa Shelisheli inafika ikiwa upepo wa kaskazini magharibi, na Desemba hadi Februari inabeba mawingu na mvua. Wingu likifunika jua, maji yanakuwa kama bati jipya: samaki anapita mita 10 mbele yako humwoni. Ndiyo maana maleleji, yale majira ya kati ya kusi na kaskazi, yanagombewa, Oktoba na Novemba, kisha Machi na Aprili. Upepo mdogo, jua kali, maji maangavu.

Aprili ina tahadhari yake kwa visiwa vya kusini. Alphonse iko nyuzi 7 kusini ya ikweta, vimbunga ni nadra sana kuifikia. Farquhar iko nyuzi 10, na kimbunga Fantala kiliipiga Aprili 2016 kikaharibu vibaya majengo na miti.

Kwetu Afrika Mashariki kalenda inafanana ila masika inaongeza jambo. Mto Rufiji ukijaa, Machi hadi Mei, maji ya kahawia yanaingia mkondo kati ya bara na Mafia, na upande wa magharibi wa kisiwa unachafuka. Upande wa mashariki unabaki safi zaidi lakini ndio unaopigwa na bahari kuu. Anayepanga Mafia apange Oktoba hadi Februari.

Karibuni tuongezee.

#2 – Binti_Faza

Ahsante kaka Mlinda. Naomba ufafanuzi wa bamvua na maji mafu. Wengine wanasema bamvua maji yana kasi mno, hayafai kutembea. Wengine wanasema maji mafu hayana samaki. Lipi ni lipi?

#3 – Mlinda_Wangwa

Dada Binti_Faza, wote wana haki kwa kiasi fulani. Bamvua ni siku za maji makubwa, yanayojaa na kupwa sana; maji mafu ni siku yanapopanda na kushuka kidogo tu. Maji mafu hayafiki sehemu za juu za wangwa, kwa hiyo samaki wanabaki kingoni mwa mikondo wala hawana sababu ya kupanda. Bamvua yanafika kila mahali, na samaki wakubwa wanayafuata. Ubaya ni kwamba dirisha ni fupi. Siku ninazozipendekeza ni zile tatu nne maji yanapopanda daraja kutoka maji mafu kwenda bamvua.

Tumia tarehe za mwezi wa Kiislamu, hazikosei: bamvua ni tarehe 28 hadi 3 na 13 hadi 18, maji mafu ni 7 hadi 9 na 21 hadi 24. Kwa pwani yetu, Mombasa, Zanzibar, Dar, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata sogeza mbele dakika 50 hivi. Ndiyo sababu siku ya maji mafu inakugeuzia, maji yanajaa saa nne.

Sasa tazama bahati tuliyopewa. Siku ya bamvua maji yanaanza kurudi baada ya saa nne asubuhi, na jua linapokuwa juu kabisa, saa tano hadi saa nane mchana, ndipo maji yanapanda wangwani na samaki wake. Jua la utosini linapenya maji bila kung'aa usoni. Huhitaji kuamka alfajiri, labda kwa kunywa chai na kufunga lida, ule uzi mwembamba unaounganisha mshipi na flai.

Kasi nayo ina hesabu. Gawa tofauti ya kupwa na kujaa mafungu 12. Saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Bamvua letu la mita 3.6 maana yake katika saa ya tatu peke yake yanapanda sentimita 90. Aliyesimama kwenye maji ya goti mwanzo wa saa hiyo, mwisho wake yamemfika kifuani. Ukiwa umevuka mkondo kwenda kwenye fungu la mchanga, rudi saa ya pili inapoisha, hata kama samaki ndio kwanza wanatokea. Mtu anakatiwa njia nyuma yake huku macho yake yakitazama mbele.

#4 – Pondo_Mkokoni

Nakubaliana na Mlinda ila naongeza maji ya kupwa. Yakianza kutoka, usibaki juu ya wangwa, shuka usimame kwenye mlango, pale ambapo vijito vya wangwani vinakutana na mkondo. Kila kaa na kila kamba anayesombwa anapita hapo, na samaki wanajipanga kumngoja. Tupa flai juu ya mkondo, iteremke kama kitu kinachosombwa, usiivute mpaka mshipi unyooke.

Kwenye mikoko maji yakiwa juu kabisa samaki wanaingia katikati ya mizizi na huwezi kuwafikia. Hiyo ndiyo saa ya kula.

#5 – Fundi_Rili

Haya, tuseme vifaa, kwa bonifishi kwanza, yule samaki wa rangi ya fedha wa wangwani. Rodi ya futi 9, namba 8 (namba ni kipimo cha uzito wa mshipi ambao rodi inaurusha). Upepo ukiwa wa kudumu chukua namba 9. Mshipi wa kuelea wa namba hiyo hiyo, uliotengenezwa kwa joto la tropiki. Watu wanapuuza hilo: mshipi wa maji baridi, kwenye jua letu ganda lake linalainika kama mshumaa, unanata kwenye pete za rodi na hautoki. Ukiununua umetumika, upitishe vidoleni. Ukinata, achana nao.

Nyuma ya mshipi weka uzi wa akiba mita 180 hadi 200, wa nguvu ya ratili 30. Bonifishi wa kilo 2 akichukua, mita 50 hadi 80 za kwanza anaondoka nazo bila kukuuliza. Breki ya rili, yaani gurudumu la kukunjia mshipi, iwe ya kuzibwa isiingie chumvi. Ipime kwa mizani ya mkono: kilo 1.5 inatosha kwa lida ya ratili 20. Asiyepima hukaza kwa wasiwasi na lida inakatika sekunde ya kwanza.

Lida ya mita 3, ifunge mwenyewe: mita 1.8 ya nailoni ya ratili 40, sentimita 60 ya ratili 30, sentimita 60 ya florokaboni ya ratili 16 hadi 20. Sababu ya kupungua unene ni kwamba nguvu ya mshipi inashuka taratibu hadi kwenye flai, na flai inatua imenyooka. Lida ya unene mmoja inajikunja na kuanguka lundo. Mafundo ya kuunganisha zungusha mara 5 kila upande, lowesha kwa mate kabla ya kukaza. Fundo lililokazwa kavu linaungua ndani kwa msuguano, kwa macho ni zima, kwa samaki ni bovu.

#6 – Mshipi_Mrefu

Mkuu Fundi, kwenye siku isiyo na upepo kabisa mita 3 ni fupi. Maji ya kifundo cha mguu, samaki wanasikia mshipi ukitua. Nenda mita 3.6 hadi 4, urefushe ule mwisho wa florokaboni. Upepo ukirudi, kata urudi kwenye mita 3, maana lida ndefu upepo unaigeuza.

#7 – Fundi_Rili

Kweli kabisa, ahsante kwa kuweka sawa.

#8 – Mfunga_Manyoya

Flai zenyewe sasa. Kwa bonifishi mtu anaweza kumaliza msimu mzima na aina mbili. Ya kwanza inaitwa Crazy Charlie, ilizaliwa Andros kule Bahamas mwaka 1977. Ya pili ni Clouser, ya Mmarekani Bob Clouser, iliyobuniwa kwa samaki wa mtoni, lakini baharini nako ikafaa kuliko nyingi zilizobuniwa kwa bahari.

Charlie inafungwa hivi. Ndoana namba 6 ya chuma kisichoshika kutu. Funika shina kwa uzi kuanzia nyuma kidogo ya tundu. Chukua mnyororo wa vishanga vya chuma, ule wa kuning'inizia funguo, kata vishanga 2, vifunge kwa msalaba juu ya shina, milimita 3 nyuma ya tundu. Hayo ni macho, na ndiyo siri yote: uzito ukiwa upande wa juu wa shina, flai inapinduka majini na ncha ya ndoana inatazama juu. Inapoburutwa chini haishiki nyasi. Mwili ni utepe wa kumetameta kutoka nyuma hadi machoni, juu yake zungusha nailoni angavu ya ratili 15, mizunguko iliyogusana bila kupandana. Kisha geuza ndoana, funga manyoya upande wa ncha, mbele ya macho, urefu mara mbili ya shina. Yawe machache. Ukiyashika dhidi ya mwanga uone vidole vyako upande wa pili. Yakificha vidole, punguza.

Manyoya ya mbuzi mweupe au wa rangi ya maziwa yenye chai yanafaa sana, yapo kila machinjio. Yafue kwa sabuni, yaanike kivulini, ondoa ule unyoya mfupi wa ndani kwa kitana.

Rangi ifuate sakafu. Mchanga mweupe, flai ya rangi ya mchanga. Nyasi bahari, kahawia au kijani cha zeituni. Kamba wa mahali hapo ndiyo hivyo alivyo, asingekuwa hivyo angeshaliwa.

Uzito ufuate kina. Chini ya goti, vishanga vyepesi vya milimita 3. Goti hadi paja, macho ya shaba. Ijaribu kwenye ndoo kabla ya safari: ikipiga kishindo kinachosikika, kwenye maji ya sentimita 30 itawafukuza wote.

#9 – Binti_Faza

Na akishaonekana samaki? Maana hapo ndipo mikono inapotetemeka.

#10 – Mlinda_Wangwa

Dada, kwanza ujue unachotafuta. Bonifishi ni kioo, ubavu wake unaakisi mchanga aliopo juu yake. Macho yakitafuta samaki hayapati kitu. Tafuta kivuli chini, kwa sababu kivuli hakijui kujificha. Tafuta sehemu ya maji inayotetemeka tofauti na mikunjo ya upepo, hilo ni kundi linatembea. Tafuta wingu dogo la tope jeupe, hapo wanachimba. Na maji yakiwa ya kifundo cha mguu tafuta mkia. Samaki ameinamisha kinywa mchangani, mdomo wake uko chini ya pua, anapuliza mchanga kumfukua kaa, na ncha ya mkia inatoka nje ya maji, ya rangi ya fedha iliyofifia, inayumba taratibu kama jani. Ukitulia unaona tone la maji likidondoka kutoka kwenye ncha.

Miwani ya kukata mng'ao ni ya lazima, ya rangi ya kaharabu. Jua liwe mgongoni. Kama upepo na jua haviwezi kukaa vyote nyuma yako, chagua jua. Upepo utaumudu kwa mkono, jua hutalimudu.

Samaki anayetembea, tupa mita 2 mbele yake, acha itue chini kabisa, akifika karibu vuta mara moja sentimita 20, polepole. Mwenye mkia juu, yeye haoni mbali, tupa nusu mita. Akifuata, endelea kuvuta fupi fupi. Akisimama na kuinamisha kichwa, amechukua. Hapo ndipo wengi wanapompoteza: wanainua rodi juu. Rodi ikiinuka flai inaondoka mdomoni kabla ndoana haijashika. Rodi ibaki chini imeelekea kwa samaki, vuta mshipi kwa mkono wa kushoto, mvuto mrefu na thabiti mpaka usikie uzito. Kisha tu inua. Usipomnasa, flai bado iko chini mbele yake na mara nyingi anarudi.

Baada ya hapo usimwangalie samaki, angalia mshipi uliolala miguuni. Anapokimbia unapanda kwa kasi, na ukijikunja kwenye kitako cha rodi, kifungo cha shati au kidole, lida inakatika.

Kurusha mbali si lazima. Mita 15 hadi 18, ndani ya mizunguko miwili ya hewani, inawapata wengi. Upepo ukitoka kulia kwa mwenye kutumia mkono wa kulia, flai inakuja kisogoni. Geuza rodi ipite juu ya bega la kushoto, au geuka urushe kwa upande wa nyuma.

#11 – Nahodha_Omo

Kwa wanaofanya kazi ya kuongoza wageni na wanaotaka kuianza, kuna jambo la Kiswahili hapa lazima lisemwe.

Ukiwa na pondo, ule mti wa kusukumia mashua, tezini (nyuma) na mgeni amesimama omo (mbele), unampa mwelekeo kwa saa: omo ni 12 ya kwenye uso wa saa, kulia ni 3, kushoto ni 9. Sasa sisi tukiona mshale kwenye 11 tunasema saa tano. Ukimwita mgeni "saa tano" kwa kutafsiri, anageukia 5. Na 5 na 11 zinatazamana. Saa yetu na yao zimepishana saa 6 kamili, kwa hiyo kosa hili halimpeleki pembeni kidogo, linamgeuzia mgongo samaki. Ndivyo ilivyo kwa kila namba. Hata waongozaji wazoefu ulimi unateleza samaki mkubwa akitokea ghafla.

Dawa yake: asubuhi kabla ya kuondoka kubalianeni kwamba ni namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa, na mfanye zoezi mara 5. Au acheni saa kabisa. Mwambie aelekeze rodi, kisha "kulia, kulia zaidi, simama hapo, mita 15". Hii ya pili haina kosa, na mgeni anaona kile unachokiona.

Pondo lisiguse mwamba wala ubavu wa mashua. Sauti majini inakwenda mbali. Liwe na kichwa cha mbao pana kwa tope, ncha kwa mchanga mgumu. Pinda mashua kidogo upande kabla hajarusha, ili mshipi wa nyuma usipite juu ya kichwa chako.

#12 – Kolekole_Mwamba

Naona mmemaliza kwa bonifishi, niruhusuni kwa kolekole mkubwa, yule *Caranx ignobilis*. Usije na rodi namba 8. Rekodi ya dunia ya ndoano ni kilo 72.8, Japani mwaka 2006. Wa Shelisheli kwenye maji ya kiuno wenye kilo 15 hadi 30 wanatosha kuvunja kila kitu ulicho nacho.

Rodi namba 12. Uzi wa akiba mita 300 wa kusukwa, ratili 80. Mshipi uwe na moyo imara, maana wa kawaida unakatika katikati. Lida haina ngazi: mita 2.5 ya nailoni nene au florokaboni ya ratili 100 hadi 130, moja kwa moja, mwisho fundo la kitanzi ili flai icheze. Ndoana 6/0 hadi 8/0 yenye shina nene, manyoya ya urefu wa kiganja, nyeusi au rangi ya mchanga. Breki kaza mpaka mkono mmoja ushindwe kuvuta kwa urahisi, kilo 7 na zaidi.

Anakopatikana: kingo za mwamba mawimbi yanapoingia, na mgongoni mwa taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani. Hili la taa lijue vizuri. Taa mkubwa anapita wangwani akitimua mchanga, kolekole anamfuata juu yake akisubiri kinachokimbia. Ukiona taa ana kivuli cha pili cheusi, huyo ndiye. Tupa mbele na ng'ambo kidogo, vuta ipite mbele ya uso wake. Vuta ndefu na haraka, usipunguze hata akikaribia. Chakula kinachopunguza mwendo mbele ya mwindaji hakipo duniani, naye anajua hivyo, anageuka. Farquhar kolekole wameonekana wakiruka kukamata makinda ya ndege wa baharini wanaojifunza kuruka juu ya maji. Samaki wa namna hiyo hadanganyiki kwa flai inayosita.

Akichukua, vuta kwa mkono mara 2 au 3 kwa nguvu zote, kisha achia mshipi utoke vidoleni bila kujifunga. Vidole vaa vifuniko vya kitambaa, mshipi unakata nyama. Kwenye mwamba usimpe nafasi, akifika kwenye matumbawe lida hata ya ratili 130 inasagika.

#13 – Mfunga_Manyoya

Kikande asisahauliwe. Kwa wengi yeye ndiye mgumu kuliko wote. Anakula kichwa chini, mkia mpana juu ya maji ukipunga, kwenye vipande vya matumbawe yaliyochanganyika na mchanga. Flai ya kaa, ndoana nene namba 4 au 2. Meno yake yanaponda chaza, ndoana nyembamba anaivunja kama njiti. Tupa mita 1 ng'ambo yake, ivute ikae mbele ya macho, acha. Akija juu yake na kuinama, sogeza kidogo tu. Atatafuna na kutema mara kadhaa, vuta pale mkia unapotulia. Kisha rodi juu na urudi nyuma kwa miguu, kwa sababu ana shimo lake na anakwenda moja kwa moja.

Yule mkubwa mwenye mstari mweusi juu ya mdomo akiwa na kiota hukushambulia na kuuma. Ukiona shimo la mchanga lenye umbo la sinia naye anazunguka juu yake, pita mbali, na usimvue siku hizo.

#14 – Mwana_Kilwa

Mzee Mlinda, shikamoo. Swali: kwa nini basi bonifishi kwetu ni wachache hivi, wakati Shelisheli wanatembea makundi?

#15 – Mlinda_Wangwa

Marahaba mwanangu. Bonifishi wapo pwani yote ya Afrika Mashariki. Tatizo ni juya, yaani wavu wa kukokota, na nyavu za macho madogo. Samaki anayepanda kwa kundi, njia ile ile kila jua na kila mwezi, juya moja linamaliza kundi zima. Kenya na Tanzania zote zimepiga marufuku juya, na bado linavutwa. Visiwa vya nje vya Shelisheli vina watu wachache sana, na nchi ile ilikamilisha mwaka 2020 mpango wa kulinda asilimia 30 ya bahari yake. Belize walikwenda mbali zaidi, tangu 2009 sheria yao inataka bonifishi arudishwe majini akiwa hai. Samaki mmoja anayerudishwa hulipiwa tena na mgeni wa wiki ijayo. Nalisema hili kwa uchungu, maana nyangwa zetu za Mafia na Kilwa kwa ukubwa na uzuri hazipungukiwi kitu.

Hapa nyumbani, kabla ya kurusha, uliza uko wapi. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, imegawanywa maeneo, na katika maeneo ya ndani kabisa hakuna kuvua chochote. Watamu, ndani ya hifadhi ya taifa ya bahari, vivyo hivyo. Lipia kibali, nenda na mtu wa kijiji.

Na bamvua likipwa, wangwa na mwamba si wa mvuvi wa flai peke yake. Akina mama wanatembea na fimbo zao kutafuta pweza. Wapishe, salimia, usirushe kuelekea kwao. Vijiji kadhaa vya Pemba hufunga mwamba kwa miezi ili pweza wakue; mwamba uliofungwa usiukanyage hata kama wewe huvui pweza.

#16 – Pondo_Mkokoni

Kurudisha nako kuna namna. Bonyeza kile kijino cha ndoana kwa koleo mpaka kilale, kabla ya kuanza kuvua. Ndoana inatoka kwa kugeuza mkono tu, hata ikikuingia wewe kidoleni. Mkono uloweshwe, samaki abaki ndani ya maji. Picha, nje ya maji sekunde 5, usizidi 10. Ute wake ukiondolewa na mkono mkavu au shati, ngozi inaoza baadaye.

Mshike ameelekea mkondo mpaka asimame wima mwenyewe na kukaza mkia. Anayeachiwa akiwa anayumba ubavu ni chakula cha papa. Wanamfuata kwa harufu. Papa akitokea wakati bado unapigana na samaki wako, legeza breki kabisa ili samaki akimbie huru. Papa wakiwa wawili watatu, hama eneo hilo. Kuendelea kuvua hapo ni kuwalisha.

#17 – Binti_Faza

Shukrani nyingi kwenu nyote. La mwisho: miguuni mnavaa nini, na taa?

#18 – Fundi_Rili

Viatu vya kufunika kifundo, soli ngumu. Sindano za viumbe wa mwambani zinapita kwenye raba nyepesi. Mchangani usinyanyue mguu, uburute. Taa aliyejifukia akiguswa ubavuni anaondoka, akikanyagwa mgongoni anapiga mkia. Akikuchoma, safisha na uchovye mguu kwenye maji ya moto ya nyuzi 45 hivi, kadiri ngozi inavyovumilia bila kuungua, nusu saa hadi saa moja na nusu. Joto linavunja sumu na maumivu yanashuka. Kisha hospitali, kwa sababu kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Chupa ya chai iliyojaa maji ya moto ikae mashuani kila siku.

Jioni: rili legeza breki, mwagia maji baridi yasiyo na shinikizo. Maji ya bomba yenye kasi yanaisukuma chumvi ndani badala ya kuitoa. Mshipi ufute kwa kitambaa chenye sabuni laini, mafuta ya kujikinga na jua yanaula ganda lake. Flai zilizotumika zisirudi kwenye kisanduku siku hiyo. Moja yenye chumvi itashikisha kutu zote 20 kufikia asubuhi. Zisuuze, zianike juu ya gazeti.